Chokoleti ileile, ladha nyingine: kwa nini inapauka na kuwa kama mshumaa mdomoni

Swali: Habari wataalamu. Nipo Tanga, nauza keki za oda. Nilinunua chokoleti nyeusi ya asilimia 60. Kwenye pakiti ilikuwa inang'aa na kuvunjika kwa mlio. Nikaiyeyusha juu ya maji ya moto, nikaimimina kwenye kalibu za silikoni na kuiacha kwenye friji usiku kucha. Siku ya kwanza ilikuwa laini, inaacha alama za vidole. Siku ya tatu imeota mabaka meupe, ndani imekuwa ya chengachenga na ukiila inakaa mdomoni kama mshumaa. Ajabu ni kwamba ladha nayo imebadilika, na sikuongeza kitu chochote. Imeharibika? Nilikosea wapi?

Jibu: Usiitupe, dada. Haijaoza na hayo mabaka si ukungu. Kilichobadilika ni namna mafuta yake yalivyoganda. Na umegusa jambo ambalo wengi hulipita: ladha ya chokoleti haitegemei kakao na sukari peke yake. Inategemea pia mafuta yanayeyuka lini, na kwa kasi gani, ukishaitia mdomoni.

Chokoleti ya asilimia 60 ina takriban asilimia 40 ya sukari, na katika hizo 60 za kakao, zaidi ya nusu ni mafuta. Maji karibu hakuna. Hayafiki asilimia 1. Kwa hiyo unachoshika mkononi ni chembe za sukari na za kakao zilizozama ndani ya mafuta, kama kokoto ndani ya zege. Mafuta hayo ndiyo siagi ya kakao, na ni mafuta ya aina yake. Samli hulainika polepole kadiri joto linavyopanda, kwa sababu ni mchanganyiko wa mafuta mengi yasiyofanana. Siagi ya kakao kwa sehemu kubwa ni aina tatu tu za molekuli zinazofanana sana, zote zikiwa na asidi ya mafuta iitwayo oleiki katikati, na ya palmitiki au steariki pembeni. Kwa kuwa zinafanana, huyeyuka karibu kwa pamoja, chini kidogo tu ya joto la mwili. Ndiyo maana chokoleti nzuri ni ngumu mezani na maji ulimini.

Tatizo ni kwamba molekuli hizo zina njia nyingi za kupangika. Fikiria viti vya plastiki vya kukodisha harusini. Vijana wakiwa na haraka huvirundika hovyo, lundo linajaa ukumbi na ukivuta kimoja vinaporomoka vyote. Wakivipanga kimoja ndani ya kingine, viti vilevile vinakuwa nguzo fupi iliyoshikamana. Siagi ya kakao ina mipangilio, au maumbo, sita ya fuwele (molekuli zilizojipanga kwa utaratibu unaojirudia), ambayo watafiti Wille na Lutton waliipa namba mwaka 1966, kuanzia I hadi VI. Wa kwanza huyeyuka kwenye nyuzi 17 hivi za Selsiasi, wa pili 23, wa tatu 25.5, wa nne 27, wa tano karibu 34, na wa sita 36. Unaoutaka ni wa tano tu. Umebanana, kwa hiyo chokoleti inasinyaa kidogo ikiganda na kujiachia yenyewe kwenye kalibu. Uso wake ni laini, kwa hiyo unang'aa. Na nyuzi 34 ziko juu ya joto la vidole kwa kawaida, lakini chini ya joto la mdomo.

Sasa rudi jikoni kwako. Ulipoyeyusha juu ya maji ya moto, chokoleti bila shaka ilipita nyuzi 40, na fuwele zote nzuri za kiwandani zikafutika. Ukamimina uji usio na fuwele hata moja, kisha ukausukuma kwenye friji la nyuzi 4. Mafuta yaliyopozwa kwa haraka namna hiyo hayana muda wa kujipanga, yanaganda kwa umbo la tatu na la nne. Umbo la nne linayeyuka kwenye nyuzi 27, na mchana wa Tanga unapita hapo. Ndiyo alama za vidole ulizoziona siku ya kwanza.

Kilichofuata hakikuhitaji kosa jingine. Fuwele dhaifu hazitulii. Zinaanza kujigeuza zenyewe kwenda umbo la tano, lakini kila moja kwa wakati wake na upande wake. Wakati huohuo chokoleti inajikaza, na mafuta ambayo bado ni maji yanasukumwa juu kupitia vinyufa vidogo. Yakifika usoni yanaganda tena kama fuwele kubwa zinazotawanya mwanga, na jicho linaona weupe. Ndani panabaki chengachenga.

Kabla hujafanya lolote, hakikisha kwamba weupe ulio nao ni huo. Kuna weupe wa aina ya pili unaotokana na sukari. Weka kidole juu ya baka jeupe, ukiache hapo kama sekunde kumi, kisha sugua taratibu. Weupe wa mafuta utapotea na kidole kitateleza. Weupe wa sukari hautaondoka, na utahisi mkwaruzo kama wa karatasi ya msasa. Ukitaka uhakika zaidi, dondoshea tone dogo la maji: weupe wa sukari unayeyuka ndani ya tone, wa mafuta unaliacha tone limekaa juu kama kwenye jani la mgomba.

Huo wa sukari ni ugonjwa wa pwani hasa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevunyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Chokoleti ikitoka kwenye friji bila kufunikwa inatoka jasho ndani ya dakika chache, kama chupa ya soda. Jasho linayeyusha sukari ya juu, likikauka linaiacha hapo kama fuwele ngumu. Kutokana na maelezo yako naona wa mafuta ndio mkubwa, lakini isikushangaze ukiwakuta wote wawili kwenye kipande kimoja.

Dawa ya weupe wa mafuta ni kuyeyusha upya na kugandisha kwa mpango. Wenye kazi wanaita kutempa. Utahitaji kipimajoto cha jikoni kinachosoma angalau kuanzia nyuzi 20. Kile cha homa huanzia 35 hivi, hakitakufaa. Utahitaji pia chokoleti mpya ambayo bado inang'aa, iwe mbegu ya fuwele nzuri. Ile iliyopauka haifai kuwa mbegu kwa sababu fuwele zake zimechanganyika, ila kwa kuyeyushwa haina neno.

Tuseme una gramu 450 zilizopauka. Nunua gramu 150 za chokoleti mpya ya aina ileile, uikatekate vipande vidogo kama punje za mahindi. Weka zile 450 kwenye bakuli kavu kabisa juu ya sufuria yenye maji ya kina cha vidole viwili, maji yaliyo moto lakini hayachemki, na tako la bakuli lisiyaguse. Koroga kwa mwiko wa silikoni (wa mbao hunyonya maji na kuyarudisha usipotaka) hadi kipimajoto kisome 45 hadi 48. Hapa usiwe na huruma: ukiishia 36 kwa kuogopa kuunguza, fuwele za zamani zinabaki na zitakusumbua. Lakini usipite 55, kwa sababu juu ya hapo chokoleti nyeusi huanza kuwa nzito na kupata harufu ya kuungua.

Toa bakuli, futa tako lake kwa taulo. Watu wengi hupoteza kazi yao hapa, kwa tone moja la mvuke linaloteleza kutoka chini ya bakuli hadi kwenye kalibu. Koroga mpaka ishuke hadi 35, kisha tia theluthi moja ya mbegu. Itayeyuka karibu yote na kushusha joto. Ikifika chini ya 34, ongeza iliyobaki kidogo kidogo bila kuacha kukoroga, hadi usome 31 au 32. Kuanzia chini ya 34, vipande vinavyoyeyuka vinaacha fuwele za umbo la tano zikielea ndani, na kukoroga kunazivunja na kuzizalisha. Asilimia 1 hadi 3 tu ya mafuta ikiwa imeshaganda kwa umbo sahihi inatosha. Yaliyobaki yatafuata mpangilio huo. Ikiwa mbegu yote imeyeyuka na bado uko 34 au zaidi, ongeza nyingine. Ikiwa umefika 31 na kuna vipande vimebaki, vitoe kwa uma.

Usipopata mbegu mpya, tumia joto peke yake. Yeyusha hadi 48, kalisha bakuli ndani ya beseni la maji ya baridi ya kawaida, koroga bila kupumzika hadi 27 au 28 na uone imeanza kuwa nzito. Hapo una fuwele za umbo la nne na la tano kwa pamoja. Irudishe juu ya mvuke kwa sekunde chache chache hadi 31 au 32: la nne linayeyuka, la tano linabaki. Njia hii inahitaji mkono mwepesi. Ukigusa 34 umezifuta zote, na itabidi uanze upya kutoka 48.

Chokoleti ya maziwa inataka namba za chini, kwa sababu mafuta ya maziwa hulainisha siagi ya kakao: yeyusha 40 hadi 45, malizia 29 hadi 30. Nyeupe malizia 28 hadi 29.

Sasa chovya ncha ya kisu, ukiweke mezani, usubiri. Katika chumba cha nyuzi 20 hadi 22, chokoleti iliyotempwa sawasawa inakauka ndani ya dakika tatu hadi tano na kubaki na mng'ao usio na michirizi. Dakika kumi zikipita bado ni mbichi, fuwele ni chache. Ongeza mbegu na uendelee kukoroga. Kwa upande mwingine, ukiwa katikati ya kumimina utaona chokoleti inazidi kuwa nzito ingawa joto halijashuka. Fuwele zimezaana kupita kiasi. Pitisha upepo wa drai ya nywele juu ya bakuli kwa sekunde chache ukikoroga, ipande nusu nyuzi au nyuzi moja, itakuwa nyepesi tena. Watu wengi hapa hukimbilia kuongeza mafuta.

Hapo nisimame kidogo. Mafuta ya nazi, ambayo Tanga hayakosi jikoni, ni mabaya kwa kazi hii. Ni mafuta ya ukoo mwingine kabisa. Yakichanganywa na siagi ya kakao, yanazuia molekuli zake kupangana, na mchanganyiko unayeyuka mapema kuliko siagi ya kakao ingeyeyuka peke yake. Kijiko kimoja kwenye sosi ya kumwagia aiskrimu ni sawa, kwa sababu ubaridi wa aiskrimu unaigandisha. Kwenye chokoleti ya kalibu utakuwa umenunua ulaini. Majarini ni mbaya zaidi kwa sababu ina maji, na maji kidogo ndani ya chokoleti iliyoyeyuka huifanya ishikane ghafla kama udongo wa mfinyanzi: chembe za sukari zinalowana na kunatana. Likikupata hilo, usijaribu kulikausha. Ongeza maziwa au maji ya moto, mililita 15 kwa kila gramu 60, ukikoroga. Sukari itayeyuka na utapata sosi nzuri ya keki. Kwenye kalibu haitarudi tena.

Kalibu zenyewe: za silikoni hazitoi mng'ao mkali, na hupitisha joto polepole. Za plastiki ngumu ya polikaboneti, zikifutwa kwa pamba kavu, ndizo zinazoacha uso kama kioo. Mimina, gongagonga mezani kutoa mapovu, kisha usikimbilie friji. Subiri kingo zipoteze ule uso wa maji. Ndipo uweke kwenye friji dakika 10 hadi 15, si kwa ajili ya kuigandisha kwa nguvu bali kuondoa joto ambalo chokoleti yenyewe hulitoa inapoganda. Joto hilo lisipoondolewa, katikati ya kipande panapanda joto hadi kuharibu kazi uliyoifanya, na utaona duara la kijivu katikati huku kingo zikiwa safi. Hii ndiyo kazi halali ya friji. Usiku kucha haikuwa lazima.

Kuhusu chumba, sitakuficha: kwa nyuzi 30 hakuna ufundi utakaotosha. Hata umbo la tano, kwa joto hilo, sehemu kubwa ya mafuta yake imeshalainika. Ukiwa na kiyoyozi, kiweke 20 hadi 22, na kitakupunguzia unyevu pia. Usipokuwa nacho, fanya kazi alfajiri, kwa kiasi kidogo, na kila kinachoingia kwenye friji kiwe ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana. Kopo likitoka, usilifungue hadi liwe na joto la chumba. Umande utatua nje ya kopo.

Sasa tuje kwenye ladha. Sukari ya chokoleti imefunikwa na mafuta, na ulimi hauwezi kuonja sukari iliyofunikwa. Mafuta yanapoyeyuka, mate yanaingia na kuyeyusha sukari, na utamu unafika. Harufu nazo zimehifadhiwa ndani ya mafuta. Zinapata joto, zinapanda nyuma ya koo hadi puani, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ya chokoleti ni hizo harufu. Mafuta ya umbo la tano yanafungua mlango huo kwa mara moja. Yako, yenye fuwele kubwa zilizotapakaa, yanafungua kidogo kidogo: utamu unachelewa, harufu inatoka kwa manyunyu, na kinachobaki mbele ni uchungu na hisia ya nta. Viungo ni vilevile, mpangilio wa kufika ndio umevurugika. Ukiila ikiwa ya baridi kutoka kwenye friji hali inazidi, kwa sababu muda wa kuyeyusha mafuta ni mrefu zaidi. Na jambo jingine dogo: mafuta hufyonza harufu za jirani. Chokoleti iliyolala wazi karibu na vitunguu au pweza itakusimulia.

Ukubwa wa chembe nao una neno. Ulimi huhisi mkwaruzo wa chembe zinazozidi maikroni 30 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo viwanda husaga hadi 15 au 25. Punje ya sukari ya kawaida ni kubwa kuliko hapo mara kumi na zaidi, ndiyo maana poda ya kakao, sukari na mafuta vikikorogwa nyumbani havigeuki chokoleti hata ukivitempa vizuri vipi. Baada ya kusaga kuna kukanda kwa joto kwa saa nyingi, kazi ambayo Rodolphe Lindt aliianzisha Bern mwaka 1879. Inafukuza unyevu na uchachu wa siki, na kupaka kila chembe mafuta. Hilo uliponunua pakiti lilikuwa limeshafanyika, na kuyeyusha hakuliharibu.

Kuna ladha ambazo hazitoki kwenye mafuta wala kusaga, na ukizikuta usijilaumu. Ukakasi unaokausha mdomo, kama wa bibo, hutokana na mbegu za kakao ambazo hazikuvundikwa vya kutosha. Mbegu hizo, ziwe za Kyela, Kilombero au Bundibugyo ya Uganda, hukaa siku tano hadi saba zikiwa zimefunikwa na kugeuzwa, na joto hupanda hadi 45 au 50. Hamira za asili hula sukari ya ute na kutoa kilevi, bakteria wanakigeuza kuwa siki, siki na joto vinaiua mbegu, na hapo ndani yake protini zinavunjika kuwa malighafi ambazo moto wa kukaangia utazigeuza kuwa harufu ya chokoleti. Isiyovundikwa, hata uikaange vipi, harufu hiyo haiji. Harufu ya moshi ni ya mbegu zilizokaushwa kwa kuni msimu wa mvua. Yote mawili hayana dawa jikoni kwako, badilisha chokoleti.

Na kabla ya kununua ile chokoleti ya kuwa mbegu ya kutempa, geuza pakiti usome viungo. Ukikuta mafuta ni siagi ya kakao, maelezo haya yote yanakuhusu. Ukikuta mafuta ya kiini cha mawese au mafuta ya mimea yaliyoongezwa hidrojeni badala yake, hiyo ni kompaundi. Haihitaji kutempwa: yeyusha hadi 40 au 45, mimina, iache igande. Inavumilia joto letu kuliko chokoleti, na kwa mapambo ya keki ya harusi ya mchana wa Januari mimi ningekushauri uitumie bila aibu, ingawa kwa ladha haifiki. Ila usizichanganye katika bakuli moja, hata kumalizia mabaki. Mafuta hayo mawili yanagombana kama ya nazi na kakao, na utarudi kwenye mabaka haya haya.

Vipande vitakavyopatikana na weupe wa sukari usivitempe, vimeshakunywa maji. Vipike kwenye sosi, keki au maziwa ya moto. Vilivyotempwa vizuri vihifadhi kwenye kopo linalobana, kati ya nyuzi 16 na 18 ukiweza, na siku ya kumpelekea mteja viweke kwenye boksi la barafu, vikiwa bado ndani ya kopo lao. Mwambie mteja alifungue kopo likishapoteza ubaridi, si pale anapolipokea mlangoni.